Ukiona poti 47873 kwenye logi
Mnaoandika seva za kupokea data ya vifaa vya kufuatilia matatu na boda hapa Nairobi, ukiona poti 47873 kwenye logi usikimbilie kulaumu mtandao. Hiyo ni 443, poti ya HTTPS, ambayo baiti zake mbili zimesomwa kinyume. Itifaki za intaneti hutanguliza baiti kubwa ya namba, yaani yenye thamani ya juu; prosesa zetu nyingi, za x86 na ARM, huanza na ndogo.

Usiandike `if` ya kuuliza mashine ni ya aina gani. Soma baiti moja moja. Kwa namba ya baiti nne iliyo kwenye safu `b` ya `uint8_t`, katika C:

`(uint32_t)b[0]<<24 | (uint32_t)b[1]<<16 | (uint32_t)b[2]<<8 | b[3]`

Inaonekana nzito, lakini kompaila za GCC na Clang za siku hizi, ukiwasha uboreshaji wa `-O2`, huitambua na kuibana iwe amri moja au mbili. Hiyo `uint32_t` usiiruke: bila hiyo, baiti ya kwanza ikifika 128 inagusa biti ya alama ya hasi, na C haijakuahidi lolote hapo.

Unachuja kwa poti tu? Basi usigeuze kila pakiti. Linganisha na `htons(443)`, yaani 443 iliyopangwa kwa mpangilio wa mtandao, ambayo kompaila huigeuza mara moja wakati wa kujenga programu. Ni kwa `==` na `!=` pekee; kwa `<` ujanja huu haufai.