SOMO: Kuunga modeli ya gari la Jaguar E-Type, skeli ya 1:24 (ndogo mara 24 kuliko gari halisi)

Swali la gundi ya kubandikia vioo vya taa naulizwa kila kukicha. Naandika mara moja, tumalizane.

1. Osha vipande kwa maji ya sabuni. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta, rangi haishiki.
2. Kata vipande kwenye fremu yake kwa koleo, usinyofoe.
3. Praima (rangi ya kutangulizia), kisha rangi yenyewe, mikono miwili au mitatu myepesi. Mkono mzito humeza mistari ya milango. Siku ya mvua usipulize.
4. Bampa: kwangua kromu pale gundi inapogusa.
5. VIOO. E-Type ya mwanzo, iliyozinduliwa Geneva mwaka 1961, taa zake za mbele zimefunikwa kwa kioo kinachofuata mkunjo wa boneti. Ukikiharibu, umeharibu sura nzima. USITUMIE SUPAGLUU. Inapokauka hutoa mvuke, nao hutua kwenye kioo na kuacha ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Gundi inayoyeyusha plastiki nayo weka mbali, inakula kioo. Tumia gundi nyeupe ya maseremala, tone kwenye ncha ya kijiti cha meno, ikikauka haionekani. Ikizidi, ifute kwa kitambaa chenye maji ingali mbichi. Na upake rangi ya fedha ndani ya taa KABLA ya kufunika!

MASWALI

– Mkuu, supagluu kidogo tu haifai?
– Soma namba 5.

– Nimesoma, ila nilishaiweka. Kioo kimepauka.
– Sasa ulisoma lini? Haya, kisugue kwa msasa wa maji namba 2000, umalizie na dawa ya meno. Polepole.

– Boneti yangu imegoma kufunguka upande wa taa.
– Bawaba zake ziko puani. Pua nzima huinukia mbele. Usilazimishe.

– Samahani kaka, mbona picha nyingine taa hazina kioo?
– Umeangalia vizuri, dada. Kanuni za Marekani zilizoanza 1968 ndizo zilizoviondoa. Toleo la pili, la mwaka huohuo, taa za nyuma nazo zikashuka chini ya bampa. Kwa hiyo chagua mwaka kwanza, ndipo utafute picha za kufuatisha.

– Na injini, naweza kuiongezea nyaya za plagi?
– Weka sita, ina silinda sita. Waya halisi una unene wa milimita 7 hivi. Kwa skeli hii ni kama 0.3.

– Waya mwembamba hivyo nautoa wapi?
– Chuna earphone zilizokufa. Zile nyuzi za ndani.