Kabla ya kumlipa fundi wa bustani, chimba shimo

Nyumba yetu iko Utawala, kwenye ule udongo mweusi ambao kila aliyejenga upande huu wa Nairobi anaujua: kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia kwenye nyufa, mvua ikinyesha unavimba na kung'ang'ania viatu. Fundi wangu wa kwanza hakuuangalia. Alinionyesha picha nzuri kwenye simu, akapima uwanja kwa hatua, akataja bei ya jumla papo hapo, nami nikamlipa karibu yote. Mvua za masika zilipofika, maji yalikosa pa kwenda. Yalisimama siku nne, yakapanda barazani, nyasi zikaoza. Simu yake haikupatikana tena. Nililia, kwa sababu zile zilikuwa pesa za chama, kikundi chetu cha kuweka akiba.

Kwa hiyo, kabla hujampigia fundi yeyote, chimba shimo la futi moja, ulijaze maji, yakiisha ulijaze tena. Ukiamka ukakuta bado yamo, una shida ya maji, si ya maua. Mlete fundi hapo shimoni umsikilize.

Wa pili nilimpata kupitia muuza miche mmoja kwenye vitalu vya Ngong Road. Wauzaji hawa wanawajua wanaorudi kununua na wanaolipa madeni. Alipofika hakugusa simu. Alichuchumaa, akalowesha bonge la udongo, akalisokota kiganjani likawa uzi mwembamba kama mnyoo, lisikatike: dalili ya mfinyanzi unaozuia maji. Akaniuliza, "Mama, maji ya paa lako yanaelekea wapi?" Hapo nikajua nimepata mtu.

Hata hivyo, usiridhike na maneno. Mwombe akupeleke kwenye bustani aliyoitengeneza na ambayo imeshapita angalau masika moja. Ya wiki iliyopita haikuambii lolote. Ukifika, zungumza na mlinzi au anayemwagilia. Yeye ndiye anayejua maji yanatuama wapi.

Kisha andikeni makubaliano, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, mtie sahihi wote wawili. Kwa udongo wa kuletwa juu ya huu mweusi, kuandika "udongo mwekundu" peke yake haitoshi. Andika ni lori ngapi, za tani ngapi, na utatandazwa kwa kina gani. Sisitiza uwe udongo wa juu, maana kuna wanaoleta ule uliochimbwa chini kabisa kwenye misingi ya majengo: rangi inavutia, rutuba hakuna. Samadi iwe imeoza vizuri. Taja aina ya nyasi kwa jina. Mimi nilichagua kikuyu kwa sababu inavumilia jua na kukanyagwa na watoto, ingawa inatambaa hadi kwenye maua na lazima uikate kingo kila mara. Andika pia nani anabeba taka, na nani analipia maji. Miti mikubwa iwe mbali na mabomba na shimo la choo.

Mteremko uandikwe kwa namba. Wetu ulishuka sentimita mbili kwa kila mita, kutoka ukuta wa nyumba kuelekea mtaroni, na nilisimama pale fundi akiupima kwa mpira wa maji, ule mrefu unaoonyesha usawa kwa kimo cha maji kwenye ncha zake mbili, kabla nyasi hazijapandwa. Usikubali kupimiwa kwa macho.

Kazi ya kuchimba na kusawazisha ianze Septemba, ili nyasi zipandwe vuli zikianza. Huku kwetu maji ya bomba ni ya mgao, na kununua ya lori kwa ajili ya nyasi changa kunaumiza mfuko.

Malipo niliyagawa mara tatu: ya vifaa mwanzoni, ya pili mteremko na mtaro ulipokamilika, na ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi alisita kidogo, kisha akakubali. Novemba ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilitoka na tochi, nikakuta mtaro unatiririka na baraza ni kavu. Nikamtumia salio lake kwa M-Pesa kabla sijabandika chai.