SOMO: Majani ya bustani yamekauka baada ya baridi? Usikimbilie kung'oa

Wadau habari za leo. Huu mwezi wa tisa kila geti ninalopita huku Njiro, Arusha, naona majani yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na watu wananiuliza majani mapya ya kupanda yanauzwa wapi. Aisee subirini kwanza. Baridi yetu ya mwezi wa sita hadi wa nane haiui ukoka (haya majani yanayotambaa ya bustani zetu nyingi), ubaridi na mawingu vinasimamisha tu ukuaji, afu masika yameisha tangu Mei, vumbi juu, chini udongo umeshindiliwa, basi ukoka unalala zake.

Nasema hivi kwa sababu mwenyewe nilishang'oa bustani nzima nikaagiza kenta ya udongo mweusi, jamaa aliyeniuzia akaapa ni msafi, wiki tatu tu ndago, yale magugu sugu, hizo zimechomoza. Mwaka wa nne huu bado nazichimba.

HATUA YA 1: Pima uhai
Chuchumaa, shika ule mtambaa wa ukoka unaolala juu ya udongo, ukwangue kwa kucha karibu na pingili. Ukiona kijani au weupe wenye unyevu, uko hai. Ukikatika kama njiti ya kiberiti na ndani ni kahawia, huo umekwenda. Pima sehemu kumi hivi. Mara nyingi kilichokufa ni viraka tu, pale gari linapopaki na ile njia ya mkato ya watoto kwenda getini.

HATUA YA 2: Kata, afu vuta reki
Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Kijana wa fyekeo ukimwacha peke yake atakwangua mpaka udongo, kwake hiyo ndo kazi safi, kwa hiyo simama hapo hapo. Ukoka uache sentimita 3 hivi, majani ya kikuyu acha 5. Afu chukua reki ya chuma uvute kwa nguvu, utoe yale makavu yaliyojilaza chini kama jamvi maana yanazuia maji kuingia. Yote hayo peleka kwenye mboji.

HATUA YA 3: Toboa udongo
Hapa ndo watu wanaparuka na hapa ndo penyewe. Mwagia maji jana yake, la sivyo uma hauingii. Zamisha jembe uma sentimita 8 mpaka 10, tikisa kidogo bila kupindua udongo, chomoa, rudi nyuma nusu hatua, rudia. Mgongo utauma, ila palipopaki gari pitia mara mbili.

HATUA YA 4: Samadi
Iwe ya zamani. Ingiza mkono katikati ya kiroba, ukikuta joto iache, hiyo bado inaiva na itaunguza. Chekecha, changanya na mchanga nusu kwa nusu, tandaza unene usiozidi sentimita 1, afu fagia na chelewa mpaka ncha za majani zionekane. Ukifukia majani umeyaua kweli sasa.

HATUA YA 5: Viraka
Usinunue. Chimbua mitambaa kwenye kona yako mwenyewe inayostawi, kata vipande vyenye pingili 3, pandikiza kila sentimita 15, pingili 2 ziwe ndani ya udongo na ncha nje. Kanyagia taratibu.

HATUA YA 6: Maji na mbolea
Majani yakitaka maji ya kutosha ni kama lita 25 kwa mita moja ya mraba kwa wiki, yaani bustani ya mita 100 inakunywa lita 2,500, na maji yetu haya ya mgao mnayajua. Mimi namwagilia viraka tu kila asubuhi, kwingine mara moja kwa wiki ili yasife, vuli ikianza ndo naweka mbolea ya CAN kilo 1.5 kwa mita 100 za mraba. Imwage majani yakiwa hayajalowa, afu yapige maji hapo hapo.

MASWALI

Mama Wawili, Sakina: Kaka chini ya mparachichi kwangu hapaoti kitu, nimepanda ukoka mara tatu.
Jibu: Pole dada. Ukoka ni mtu wa jua, hata upande mara kumi. Punguza matawi ya chini, ikishindikana panda majani ya Pemba yenye jani pana, hayo yanavumilia kivuli. Mimi niliweka kokoto na benchi, nikapumzika.

Mdau wa Moshi: Huku Pasua joto limesharudi mkuu, nisubiri vuli?
Jibu: Nyie mko chini kuliko sisi na baridi yenu fupi, majani yanaamka mapema. Hatua ya 1 mpaka 3 fanya sasa hivi. Mbolea bila maji ya uhakika usiguse.

Kijana wa Moshono: Ndago nipige dawa ya kuua magugu?
Jibu: Ile ya kuua kila kitu itaondoka na ukoka wako pia. Ukivuta kwa mkono jani linakatika, kile kikokwa cheusi kinabaki chini kinachipua upya. Lowesha udongo, fuata uzi wake na uma mpaka ukipate, maana kimoja kinaunganika na kingine. Na usivitupe kwenye mboji, mimi navianika juu ya bati mpaka vikauke kabisa.