Kurudi kwenye mazoezi baada ya kugonga kichwa: mwongozo kwa watu wa Bukavu

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo, kwa kuanguka na moto (pikipiki) au kugongana vichwa uwanjani, na daktari ameshamwona. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, akipata degedege au akiwa mgumu kuamka, mpelekeni hospitali sasa hivi.

Hatua ya 1: saa 24 hadi 48 za mwanzo
Pumzika, ila usijifungie gizani wiki nzima. Tembea nyumbani, kula, lala vya kutosha. Simu kidogo. Pombe hapana, kuendesha moto hapana.

Hatua ya 2: kutembea kwa kipimo
Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtu anaambiwa "tembea polepole", kumbe njia ya kurudi kwake Kadutu ni mlima. Miguu inakwenda polepole, moyo unakimbia, na jioni kichwa kinagonga. Kwa hiyo pima moyo, usipime mwendo.

Toa umri wako kwenye 220. Mwenye miaka 24 anabaki na 196, makadirio ya mapigo ya juu kabisa ya moyo wake. Aanze na asilimia 55, yaani mapigo 108 kwa dakika. Akivumilia vizuri, siku nyingine apande hadi asilimia 70, yaani 137.

Weka vidole viwili ndani ya kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usitumie gumba lenyewe, maana lina mapigo yake na yatakuchanganya. Ukisimama, hesabu papo hapo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4: mapigo 27 ni 108, na 34 ni 136. Ukichelewa hata nusu dakika, moyo umeshatulia na namba inakudanganya.

Anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo asitegemee hesabu hii, amuulize daktari. Homa nayo inapandisha mapigo, na malaria inaumiza kichwa vilevile. Mwili ukiwa na joto, pima malaria kwanza, mazoezi yasubiri.

Baiskeli isiyotembea ndiyo bora kuliko vyote. Ukiikosa, kanyaga papo hapo uani dakika 10 hadi 15. Ni salama kuliko barabara. Hata Goma, ambako ni tambarare, mawe ya volkano yanamkwaza mwenye kizunguzungu.

Kabla ya kuanza, yape maumivu alama kati ya 0 na 10. Yakipanda alama 2 au chini na kutulia ndani ya saa moja, endelea na mpango. Yakizidi hapo, acha, ujaribu kesho.

Hatua ya 3
Kimbia peke yako, geuka, piga pasi ukutani. Kwa mguu tu.

Hatua ya 4 hadi 6
Mazoezi na timu bila kugusana, kisha kugombania mpira na kupiga kichwa, kisha mechi. Kila hatua angalau saa 24. Usiingie ya 4 kabla dalili zote hazijaisha, hata baada ya kutoka jasho, na daktari awe amekubali. Dalili zikirudi, rudi ya 3. Kocha akisukuma, mkatalie: pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuuvimbisha, na kwa vijana limewahi kuua.

Kwa wa moto: kaske (kofia ngumu ya pikipiki) iliyopokea pigo haifai tena, hata kama haina ufa. Povu lake la ndani limeshabonyea.