Begi la siku moja Matema: sweta juu, kaptula ndani

Nyanda za Juu Kusini hakuna viwanja vikubwa vya mabembea na maji ya kuteleza kama vile watoto wanavyoviona kwenye televisheni. Siku ya kutoka na familia huku ni ziwa, maporomoko, msitu au mlima, na kwa watoto wa Mbeya hakuna kinachoshinda mchanga wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ugumu wa kufungasha safari hii hauko ziwani, uko njiani. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiiacha Uyole barabara inapanda mpaka Isyonje, juu ya mita 2,000, ndipo inateremka Kiwira, Tukuyu na mwishowe tambarare ya Kyela, ambako Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Ni saa tatu mpaka nne garini, na ndani ya muda huo mnapita kwenye baridi, ukungu, mvua ya Rungwe isiyosubiri masika, kisha joto la kulowanisha shati. Aliyefungasha akifikiria ufukwe tu, watoto wake wanatetemeka Isyonje. Aliyefungasha akifikiria Mbeya anateremka Matema na watoto waliovaa jinzi.

Hesabu iliyopo hapa ni ya watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne, ndani ya Noah au gari la ukubwa huo. Wanaokwenda kwa basi hadi Kyela na kuunganisha gari la Matema wapunguze vyombo na maji, nguo wasipunguze.

Nguo

Kila mtu avae tabaka mbili tangu nyumbani: ndani nguo ya ziwani, yaani kaptula na fulana au gauni jepesi, juu sweta na suruali laini. Wakifika Ipinda wanavua tu, hakuna kufungua mabegi katikati ya jua. Jinzi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, haikauki siku hiyo, na mtoto atarudi nayo hadi Isyonje ikiwa imemgandia mapajani.

Kwenye begi weka kwa kila mtu seti moja kamili ya kubadilisha, kwa watoto chini ya miaka mitano seti mbili. Funga kila seti ndani ya kipande chake cha kitenge, ili ukihitaji nguo za mdogo usipekue za wote. Ongeza kofia zenye ukingo mpana, makoti ya mvua (mwavuli hautoshi Tukuyu, mvua inapiga kwa ubavu), kandambili za mchangani na viatu vya kufunga kwa wale watakaotaka kutembea.

Khanga au vitenge vikuukuu chukua visipungue sita. Kimoja kinakuwa pazia la kubadilishia nguo, kingine kivuli, kingine taulo, kingine cha kumlazia mtoto mchana, na vilivyobaki utavihitaji wakati wa kurudi kwa sababu itakayoelezwa mbele. Taulo kubwa za pamba ni mzigo bure. Mbili zinatosha kwa wote.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi Mbeya ni kali, hivyo ongeza soksi na kofia za sufu kwa wadogo. Miezi hiyo hiyo upepo wa kusini huvuma sana ziwani na mawimbi yanakuwa makubwa, kwa hiyo hesabu kwamba watoto watacheza mchangani zaidi kuliko majini: beba mpira, ndoo ndogo na visahani vya kuchimbia.

Chakula, na kwa nini wali ni kazi

Wengi wanaamka saa tisa usiku kupika pilau. Inawezekana, lakini lazima ujue unachokifanya. Mchele una mbegu za bakteria ambazo haziuawi na kuchemka. Wali ukishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa vuguvugu, bakteria hao wanaamka, wanaongezeka na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Ndiyo maana familia nzima inaweza kutapika jioni na kulisingizia ziwa.

Ukiamua kubeba wali, fanya hivi. Jaza hotpoti maji yanayochemka, funika dakika kumi, yamwage, kisha pakua wali ukiwa bado unatoa mvuke na uijaze hotpoti mpaka juu. Hotpoti iliyojaa nusu inapoa haraka, maana wali mchache una joto kidogo la kutunza. Usiifungue njiani kumwonjesha mtu. Mkitoka saa kumi na mbili asubuhi, kuleni mara mnapofika, saa tatu au nne. Usiuweke kwa ajili ya saa nane mchana. Mchele kilo moja unawatosha watu sita. Mboga ya nazi na maharage usibebe kabisa, vinachacha kabla ya wali.

Njia rahisi zaidi ni hii: chapati 14, viazi mviringo kilo mbili vilivyochemshwa na maganda yake, mayai 10 ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, kuku mmoja aliyekaangwa mkavu bila mchuzi, na karanga nusu kilo. Chapati ziache zipoe kabisa ndipo uzifunge kwenye kitambaa. Ukizifungia za moto kwenye chombo cha plastiki mvuke unarudi kuwa maji na zinakuwa tope. Mayai na kuku vikae kwenye deli pamoja na barafu. Nyanya na vitunguu vya kachumbari beba vizima pamoja na kisu, ubao na chumvi ya kufunga kwenye karatasi, muikatie hukohuko. Kachumbari iliyotiwa chumvi Mbeya inafika Matema ikiwa supu.

Matunda usijaze gari. Kiwira na Tukuyu ndizi na parachichi zinauzwa kando ya barabara, na za huko ni bora kuliko utakazotoka nazo mjini. Beba kikapu kitupu tu. Samaki wabichi nao hawana haja ya kubebwa kwenda ziwani. Ndimu, chumvi na pilipili vinatosha ukipata wa kuchoma.

Maji ya kunywa: lita mbili kwa kila mkubwa, moja kwa kila mtoto, na mbili za akiba. Jumla lita 10, yaliyochemshwa jana yake yakapoa. Kati ya hayo gandisha chupa mbili za lita moja na nusu, uzijaze robo tatu tu kwa kuwa barafu inatanuka na kupasua chupa. Ndizo barafu ya deli asubuhi, na maji baridi ya alasiri. Dumu jingine la lita 10 liwe la kunawa mikono na kuosha miguu yenye mchanga kabla ya kuingia garini.

Kuna jambo dogo linaloharibu mabegi mengi katika njia hii. Chupa iliyofungwa juu, ukifika Kyela utaikuta imebonyea. Iliyofungwa ziwani itavimba mkipanda kurudi. Ni hewa: chini inakandamiza zaidi, juu inalegea. Kwa hiyo chupa ya mafuta, ya dawa ya maji au ya juisi iliyobaki nusu, ukiifunga Matema na kuilaza begini, itasukuma mafuta nje ya kifuniko mkiwa Tukuyu. Zisimamishe wima ndani ya kopo, na mkifika Tukuyu fungua kila moja kidogo itoe pumzi.

Kona na matapishi

Milima ya Rungwe ina kona za kutosha kumchafua mtoto tumbo. Asubuhi mpe kitu kikavu, andazi moja au mkate, chai ya rangi kidogo. Maziwa na mayai yasubiri. Anayetapika akae dirishani, safu ya katikati, aangalie mbele, simu asiishike. Weka karibu naye kopo la lita moja lenye mfuniko wa kubana, siyo mfuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hiyo mbadala ya kitambaa inavuja. Pamoja na kopo: kitambaa chenye maji, chupa ya kusukutua, fulana moja ya ziada. Dawa za kuzuia kichefuchefu usimpe mtoto chini ya miaka miwili kwa kujiamulia, muulize mfamasia.

Mfuko wa dawa

Huu usiuweke nyuma chini ya deli. Ukae miguuni kwa mama au baba, ndani yake: plasta 10, bandeji mbili, pamba, dawa ya kusafishia kidonda, mkasi, kibano cha kutolea miiba, kipimajoto, dawa ya homa ya watoto na kijiko chake cha kupimia, na pakiti nne za ORS, unga wa kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha au kutapika. Zikiisha, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, koroga. Chumvi isizidi.

Mwenye pumu asiondoke bila pampu yake, hata kama ana miezi bila kubanwa, kwa sababu baridi ya asubuhi na vumbi vinaweza kuiamsha pumu. Mtoto mwenye selimundu anahitaji uangalizi zaidi: maji baridi, kiu na kuchoka vyote vinaweza kuleta maumivu. Aingie majini kwa muda mfupi jua likiwa juu, akaushwe na kuvishwa nguo kavu papo hapo, na anywe maji mara kwa mara bila kusubiri aseme ana kiu.

Jua la huku linadanganya, maana kuna upepo na mawingu. Mwenye ualbino avae mikono mirefu na kofia pana, na apake mafuta ya kinga SPF 30 au zaidi kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini. Mbu wa Kyela ni wa kweli, na malaria yao ni ya kweli. Mafuta ya kufukuza mbu na nguo ndefu viwe juu kabisa ya begi, jioni isije ikawakuta hukohuko.

Vya majini

Milima ya Livingstone inashuka karibu wima hadi ziwani, na upande huo kina kinaongezeka haraka. Kila mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea linalombana, siyo boya la kuchezea la kujaza upepo: hilo la mwisho upepo ukigeuka linasukumwa mbali, na mtoto analifuata. Beba pia dumu tupu la lita tano lenye mfuniko mzima, lifungwe kamba ya manila ya mita 15. Tia maji kidogo ndani, kiasi cha kikombe, lipate uzito wa kurushwa. Aliyezidiwa analishika, nyie mnamvuta, na hakuna wa pili anayeingia majini kuzama naye.

Msiogelee karibu na mdomo wa mto wala penye matete. Mtoni kuna mamba, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani ndiko wanakoishi konokono wa kichocho. Kichocho kipo Ziwa Nyasa. Mtakaoingia majini mpimwe wiki sita hadi nane baadaye hata kama hakuna anayeumwa.

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko ina kazi mbili: kwenda inabeba sahani, vikombe, sabuni na karatasi za chooni, kurudi inabeba nguo mbichi. Takataka zirudi kwenye kiroba.

Pesa na nafasi ya kurudi

Toa pesa ndogo kabla ya safari, sarafu za 500 na noti za 1,000 na 2,000, zifike hata 30,000. Maegesho, choo, mtumbwi na ndizi havina chenji ya elfu kumi. Simu ziwe na chaji na betri ya akiba.

Acha nafasi garini. Vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe vinauzwa Matema, na hakuna mama anayerudi bila hata kimoja. Hapo ndipo zile khanga zinapohitajika: jaza chungu nguo kavu ndani, kizungushie kitenge nje, kikae sakafuni kati ya viti, mdomo juu. Kikiwekwa nyuma juu ya deli, matuta ya Tukuyu yatakimaliza.

Ondokeni Matema saa nane na nusu, ikichelewa sana saa tisa, mpite Isyonje kabla ukungu haujachanganyika na giza. Sweta zisiingie kwenye ndoo wala chini ya mizigo. Ziwe mgongoni mwa viti, na termosi ya chai iliyojazwa upya Matema iwe karibu.

Mkibadili safari mkaamua kwenda Hifadhi ya Kitulo badala ya Matema, toa vya majini, ongeza glavu, sufu na termosi ya pili, nendeni kati ya Desemba na Machi mkitaka maua, na mkubwa abebe kitambulisho cha NIDA ili mlipe kiwango cha raia. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Kwa Ziwa Ngozi toa deli na hotpoti zote: kila kitu kinapanda msituni mgongoni kwa mtu, njia ni telezi, na kandambili hazifiki nusu.