Kuamsha kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali

Kompyuta yangu iko Tabata, kazi imenileta Dodoma. Nikihitaji faili, naiamsha kutoka huku.

Anza na kebo. Iunganishe na ruta kwa waya, maana kompyuta nyingi haziamki kwa Wi-Fi. Ingia BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, uwashe Wake on LAN, yaani uwezo wa kuamshwa kupitia mtandao. Kwenye Windows, fungua Device Manager, uiruhusu kadi ya mtandao kuamsha kompyuta. Iweke kwenye usingizi (Sleep), kisha chungulia nyuma inapochomekwa kebo: kitaa kikiendelea kuwaka, kadi iko macho. Nakili anwani yake ya MAC, namba ya kipekee ya kadi hiyo.

Kinachoiamsha ni pakiti, kifurushi kidogo cha data, ya baiti 102: baiti FF mara 6, kisha anwani hiyo mara 16.

Wengi hufungua poti 9, mlango wa kupitishia data, kwenye ruta wakaishia hapo. Nami nilifanya hivyo; ikaamka vizuri dakika chache za mwanzo, baadaye kimya. Ruta huwa imeshasahau mashine iliyolala, haijui pakiti impelekee nani. Tena laini nyingi za simu hazikupi IP ya umma, anwani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti, kwa hiyo pakiti haifiki hata mlangoni.

Suluhisho ninaloliamini ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo, inayokesha kando ya ruta, ina Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyangu kwa mtandao binafsi popote vilipo. Naingia humo kwa SSH, njia salama ya kuipa kompyuta amri ukiwa mbali, naandika amri ya wakeonlan na ile MAC. Nusu dakika, mashine iko hewani.

Umeme ukikatika, baadhi ya mashine hazisikii tena pakiti. Kwenye BIOS, ziwekee zijiwashe umeme unaporudi.