Somo: Uzukuri, kusimamisha mistari ya mbao kwa brashi

Wadau, leo ni zamu ya uzukuri, ufundi wa Kijapani wa kusugua mbao laini mpaka mistari yake isimame na uisikie kwa kidole. Utauona kwenye makabati ya mti wa kiri, kama yale ya Kamo, mkoa wa Niigata. Brashi yenyewe nayo huitwa uzukuri: ni kitita cha mizizi mikavu ya nyasi ya karukaya, kimekazwa kwa kamba.

Kila pete ya mti ina sehemu mbili. Ile iliyokua haraka mwanzo wa msimu ni laini; ile ya mwishoni ni ngumu na rangi yake imekolea. Brashi inakula laini, ngumu inabaki.

1. Chagua uso wa ubao. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Tazama kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata: pete zimejipinda kama upinde. Upande ambao upinde umetunia ndio uliokuwa karibu na gome. Sugua huo. Ukisugua upande wa moyo wa mti, ncha za pete ngumu hubanduka na kugeuka vibanzi vya kuchoma vidole.

2. Piga randa yenye makali. Msasa uache, vumbi lake linaziba vinyweleo.

3. Sugua kufuata nyuzi tu, usikatize kamwe. Anza na brashi ngumu, malizia na laini. Weka taa pembeni, chini, mwanga ulale juu ya ubao. Vivuli vitakuonyesha ulipopunja. Usitumie nguvu, rudia.

4. Futa vumbi, paka nta kidogo, sugua tena. Wajapani hutumia ibota, nta ya wadudu. Ya nyuki inafaa.

MASWALI

Swali: Mkuu, karukaya sina. Brashi ya waya je?
Jibu: Ya chuma inachana nyuzi, na vipande vyake vikibaki kwenye mbao vinaleta madoa meusi ukiingia unyevu. Tafuta ya shaba au ya nailoni ngumu.

Swali: Nina mninga mzuri, nijaribu?
Jibu: Hapana, fundi. Ugumu wake haupishani vya kutosha kati ya sehemu mbili za pete, utachosha mkono bure. Chukua paini yenye mistari iliyokolea, iliyokauka vizuri. Yenye utomvu inagandisha brashi.

Swali: Meza ya kulia inafaa?
Jibu: Mimi nisingeweka. Makombo yanaingia kwenye mifereji, na daftari la mtoto halilali sawa. Sakafu ya chumbani ndiyo mahali pake, Wajapani huitembelea peku. Ila sugua kidogo kuliko ukutani, na kingo za mistari uzilainishe.